Moto wa Wengi na Chumo la Mmoja

Shukrani zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake.

Ama baada ya hayo. Katika darsa yetu ya baada ya Magharibi tuliletewa suali na kijana mmoja ambaye kwao ni Njukini, katika Taveta, chini ya mlima wa Kilimanjaro na karibu na mpaka wa Tanzania. Kijana huyu ni mwanafunzi wa chuo kikubwa, nacho hatukitaji kwa jina, kwa kuwa neno letu haliko juu ya chuo bali liko juu ya jambo. Alisema hivi: Katika chumba changu cha bweni, chini ya kitanda, nina mashine ichimbayo sarafu ya Bitcoin. Yafanya kazi usiku na mchana. Umeme haunigharimu hata senti, kwani chuo ndicho kilipacho. Kwa miezi mitatu nimepata kiasi cha shilingi 9,000, na nyingi ya hizo nimempelekea mama yangu. Je, chumo hili ni halali?

Watu wa darsa waligawanyika hapo hapo. Mmoja alisema kwamba sarafu hizo zenyewe ni haramu, basi hapana haja ya maneno mengi. Wa pili alisema kwamba huyu ni kijana hodari, amejitafutia riziki wakati wenziwe wamelala, naye amemkumbuka mamake, afadhali aachwe. Wa tatu alicheka tu. Sisi tuliomba muda wa wiki moja, kwa kuwa tuliona suali hili ni kubwa kuliko mashine yenyewe. Wiki moja ikawa miezi miwili, na sababu ya kuchelewa huko tutaieleza mbele, kwani si ya kuficha.

Kwanza yatupasa kulifahamu jambo kabla ya kulihukumu. Wanavyuoni wetu wa zamani walikuwa wakisema kuwa hukumu ya kitu ni tawi la kukijua kitu hicho. Basi tulimwomba kijana atufunze, na tukawauliza na wengine wenye ujuzi.

Sarafu hii ilianza Januari 2009, kwa mtu au watu waliojificha nyuma ya jina la Satoshi Nakamoto. Haina karatasi wala shaba, wala haina benki kuu. Ilicho nacho ni daftari moja kubwa la hesabu, ambalo nakala zake zimo katika kompyuta nyingi duniani. Kiasi cha kila dakika 10 daftari hilo huongezwa ukurasa mmoja. Na ili ukurasa ukubaliwe, mashine za watu hushindana kubahatisha namba ngumu, zikijaribu mara nyingi mno kwa kila sekunde; ile iipatayo mbele ya wenzake hupewa sarafu mpya kuwa ni ujira. Kazi hiyo ndiyo waiitayo kuchimba. Hapo mwanzo ujira ulikuwa sarafu 50 kwa ukurasa, nao hukatwa nusu kila baada ya kiasi cha miaka minne; tangu Aprili 2024 umekuwa sarafu 3.125. Mwenye mashine moja hana tamaa ya kushinda peke yake, basi huingia katika shirika na maelfu ya wengine, akapata kijipande kidogo kwa kadiri ya nguvu ya mashine yake.

Jambo la kushikwa hapa ni moja, nalo ni kuwa mchimbaji wa sarafu hii hatumii jembe wala jasho. Chakula cha mashine ni umeme. Mwenye kuuliza juu ya uchimbaji huu, basi kwa hakika auliza juu ya umeme: watoka wapi, ni wa nani, na umetumiwa kwa ruhusa gani.

Sasa tuseme kwamba mna masuali mawili katika suali hili, na ndugu zetu waliyachanganya. La kwanza ni la sarafu yenyewe: je, ni mali inayokubaliwa na sharia au siyo? Hilo wanavyuoni wa zama zetu wamekhitalifiana. Idara ya mambo ya dini ya Uturuki ilitangaza Novemba 2017 kuwa haifai. Mufti wa Misri wa wakati huo, Sheikh Shawki Allam, alitoa fatwa ya kuikataza, ikatangazwa Januari 2018. Baraza la wanavyuoni wa Indonesia lilikataza kuitumia kama fedha, Novemba 2021. Na wako wengine, watu wa elimu pia, walioihalalisha kwa masharti. Hapa kwetu Benki Kuu ya Kenya iliwaonya watu juu yake Disemba 2015, na mwaka 2025 ikapitishwa sheria ya kuwasimamia wafanyao biashara ya mali za namna hii. Suali hilo twaliwacha kwa wanaostahiki kulijibu.

La pili ndilo letu: hata tukikubali kwamba sarafu ni halali kama dhahabu, je, njia ya kuipata ni halali? Watu wa Taita Taveta wayajua haya vyema kuliko sisi. Huko Kasigau na pande zile mna vito vya thamani, na kito chenyewe hakina makosa. Walakini mtu akiingia usiku katika kiwanja cha mwenziwe akachimba kito, uzuri wa kito hautamtakasa. Basi tukiliweka suali la sarafu kando, suali la umeme labaki palepale, wala halikupungua uzito.

Tupige hesabu, kwani katika mambo ya haki hesabu ni nusu ya insafu. Mashine ya kijana ni ya aina ya Antminer S9, aina iliyotoka mwaka 2016, nayo yala wati 1,300 hivi. Haizimwi. Kwa saa 24 yala uniti 31 na zaidi kidogo. Na katika bei zilizotangazwa Kenya mwaka 2023, nyumba ya mnyonge iliyowekewa bei ya unafuu ni ile isiyozidi uniti 30 kwa mwezi mzima. Basi ewe msomaji, simama hapa kidogo uzingatie. Mashine moja iliyo chini ya kitanda, kwa siku moja, yala zaidi ya moto utumiwao na nyumba ya maskini kwa mwezi: taa zake, redio yake, na simu zake zote.

Kwa mwezi zawa uniti 936, na kwa miezi mitatu 2,808. Tukikadiria uniti moja kwa shilingi 25, moto ulioteketea wawa shilingi 70,200. Na yeye alipata 9,000. Tulipomwonyesha hesabu hii hakuipinga. Alisema alikuwa akiijua, lakini hakupata kuiandika.

Hesabu hii yatufunza jambo ambalo halionekani kwa macho. Kijana alidhani kuwa amepata faida ya shilingi 9,000. Lakini lau angekuwa akilipa moto mwenyewe, angaliizima mashine siku ile ile ya kwanza, maana kila shilingi 100 aliyoipata iliteketeza kiasi cha shilingi 780. Kwa hiyo hapakuwa na faida kamwe. Palikuwa na mali ya watu iliyochomwa nane, ili mtu mmoja apate moja. Mwizi wa mbuzi afadhali, kwa kuwa mbuzi aliyeibiwa bado ni mbuzi. Huyu amechoma zizi ili aote moto.

Kijana alikuwa na hoja zake, nasi twaziandika kama alivyozisema, kwani si uungwana kumjibu mtu kwa kumnyamazisha.

Alisema: Nimelipa karo, na umeme umo ndani ya karo. Hoja hii ina nguvu, nasi tuliifikiri sana. Jawabu ni kwamba mwenye kulipa amepata haki, lakini haki yenyewe ina mipaka yake. Wanavyuoni wa fiqhi walipozungumza juu ya kukodi, walitaja mtu aliyekodi punda wa kumpanda, kisha akampakia mizigo ya mawe. Amelipa, ni kweli. Lakini hakulipia hilo, na punda akivunjika mgongo, yeye ndiye wa kudhamini. Na walizungumza juu ya mgeni aliyeandaliwa chakula. Mgeni ana ruhusa ya kula mpaka ashibe, na hapana amhesabiaye matonge. Lakini hana ruhusa ya kukichukua chakula akakiuze sokoni, kwani alichopewa ni ruhusa ya kula, hakumilikishwa chakula. Chumba cha bweni ni kama sinia hilo. Taa ya kusomea, simu, kompyuta ya masomo, hata pasi ya nguo ikiwa imeruhusiwa, yote hayo ni kula. Mashine ya kuchimba sarafu ni kulibeba sinia kwenda nalo sokoni.

Alisema: Hapana kanuni ya chuo iliyonikataza. Twajibu kuwa ruhusa haitafutwi katika maandishi peke yake. Mambo mengi ruhusa yake hutokana na desturi, na kipimo chake ni chepesi: je, mwenye mali akijua, ataridhika? Na kipimo kingine ni chepesi zaidi: kwa nini mashine iliwekwa chini ya kitanda, ikafunikwa blanketi ili sauti ya feni zake isisikiwe ukumbini? Mwenye ruhusa hafuniki. Na kwa nini mwenziwe wa chumbani, aliyenyimwa usingizi kwa mvumo na joto, alipewa shilingi mia mbili kila wiki anyamaze? Moyo wa kijana ulikuwa umekwisha toa fatwa kabla ya kuja kwetu.

Alisema: Chuo ni cha serikali, na serikali wakubwa waila, nami ni mnyonge, nimechukua tone katika bahari. Hoja hii ndiyo tuisikiayo kila siku barazani, katika ofisi, na hata msikitini. Nayo ndiyo iliyotuharibia nchi. Mwizi akiingia nyumba ya jirani yako, je, nyumba ile imekuwa halali kwa kila mpita njia? Dhulma ya mkubwa ni dhambi juu ya mkubwa, wala si hati ya ruhusa kwa mdogo. Na wachunguze vyema wanaoilipia hiyo bahari. Umeme wa chuo hulipwa kwa karo za wazazi na kwa kodi za watu. Mama wa Njukini akishuka Taveta kuuza ndizi zake, kisha akanunua kipande cha sabuni, katika bei yake mna kodi ya asilimia 16. Basi yamkini kabisa kwamba mwana alimpelekea mama shilingi kwa mkono wa kulia, akamtoa kwa mkono wa kushoto yeye na akina mama wenziwe, zaidi ya alichompa. Mali ya wengi haikukosa mwenyewe. Wenyewe ni wengi mno hata hatuwezi kuwaomba radhi mmoja mmoja. Na kwa hiyo ni nzito zaidi kuliko mali ya mtu mmoja, ambaye twaweza kumwendea mlangoni tukamwambia, Nisamehe.

Na mtu wa Njukini hakuhitaji sheikh wa pwani kumfunza haya. Kwao mna chemchem na mifereji ya kumwagilia mashamba, na watu huyatumia maji kwa zamu. Mtu ana haki ya maji, hapana ashakaye. Lakini akifungua mfereji usiku katika zamu ya mwenziwe, akayageuza maji yende shambani kwake, hawezi kujitetea kwa kusema kwamba maji ni ya Mungu, au kwamba hapana kanuni iliyoandikwa. Tulimwuliza kijana: Kwenu mtu wa namna hiyo aitwaje? Aliinamisha kichwa. Na dini yetu imetufunza tangu zamani kwamba maji, malisho na moto ni vitu vya ushirika. Moto wa siku zile ulikuwa wa kuni na jiwe la kuwashia. Wa leo umo ndani ya waya. Ushirika maana yake si kwamba kila mtu achukue atakacho. Maana yake ni kwamba kila achukuaye akumbuke kuwa yuko mwenziwe nyuma yake.

Inasimuliwa juu ya Khalifa Umar bin Abdul-Aziz kwamba alikuwa akishughulika usiku na mambo ya umma kwa taa iliyotiwa mafuta ya hazina. Na mazungumzo yalipogeuka yakawa ya nafsi yake na ya jamaa zake, aliizima taa ile akawasha yake. Wengi wetu twaisimulia hadithi hii katika mimbari, tukaisifu, kisha tukashuka. Lakini haikusimuliwa ili tustaajabu. Mafuta ya taa moja kwa saa moja ni kitu gani katika hazina ya dola ile? Si kitu. Ila Khalifa alijua kwamba mtu hujifunza khiana kwa tone, wala hajifunzi kwa pipa.

Wala asidhani mtu kwamba haya ni matatizo ya vijana wetu tu. Februari 2014, katika chuo kikuu cha Harvard, Marekani, iligunduliwa kuwa kompyuta kubwa za utafiti zimetumiwa kuchimba sarafu ya aina nyingine, na aliyehusika akafungiwa mlango wa kompyuta hizo. Disemba 2021, katika mji wa Cohasset, jimbo la Massachusetts, zilikutwa kompyuta 11 zilizofichwa chini ya sakafu ya shule, zikichimba kwa umeme wa shule. Na Julai 2021, katika mji wa Miri, Malaysia, polisi walizipanga chini mashine 1,069 zilizokamatwa kwa wizi wa umeme, wakapitisha juu yake gari la kushindilia barabara. Huko wako maprofesa, huko wako matajiri, huko wako Waislamu. Na wote shetani aliwaendea kwa neno lile lile, kwamba moto huu hauna mwenyewe.

Lakini insafu yatutaka tuseme na upande wa pili, isije ikadhaniwa kuwa tumeichukia mashine kwa upya wake. Wako wenzetu walio wepesi wa kuharimisha kila chenye waya. Sisi si katika hao. Katika mashariki ya Kongo, hifadhi ya Virunga ina mitambo ya umeme wa maji. Mwaka 2020, watalii walipokatika, wasimamizi wa hifadhi walianza kuchimba sarafu hii kwa umeme wa mtambo wao wa Luviro, ili wapate fedha za kuiendesha hifadhi. Na hapa Kenya, tangu mwaka 2022, iko kampuni iitwayo Gridless iliyoweka mashine zake karibu na mitambo midogo ya umeme vijijini, ikinunua moto unaobaki baada ya wanakijiji kutumia. Mtu aweza kujadiliana nao kwa mengi, na wako wasemao kwamba moto huo ungeliwafaa watu zaidi kwa njia nyingine. Lakini mwenye moto ajulikana, ruhusa iko wazi, na malipo yameandikwa. Ni kama mtu aliyewaendea wazee wa mfereji akawaambia, Maji yapitayo usiku wa manane bila ya mtu kuyahitaji, niuzieni mimi. Mashine ni ile ile. Kilichotofautisha ni ruhusa.

Liko na jambo la usalama. Waya za bweni hazikutandazwa kwa ajili ya moto mkali usiozimwa usiku na mchana, ukipita katika kipande cha waya wa kurefushia kilichonunuliwa sokoni, chini ya godoro. Septemba 2024 watoto 21 waliangamia kwa moto katika bweni la shule ya Hillside Endarasha, Nyeri. Hatusemi kwamba sababu yake ilikuwa umeme, na tusijitie katika tusilolijua. Twasema tu kwamba baada ya msiba ule hapana mtu katika nchi hii awezaye kusema kuwa hakujua bweni likishika moto huwa nini. Mwenye kuwalaza wenziwe juu ya khatari wasiyoijua, kwa ajili ya shilingi 100 kwa siku, amekwisha wadhulumu hata kama haukutokea moto.

Hukumu tuliyokuwa tumeiandika ilikuwa hii: kwamba matumizi haya hayafai, kwa kuwa ni kutumia mali ya wengine pasina idhini yao, na kwamba yampasa kijana kuizima mashine leo, na kulipa. Na alilipe nini? Watu wengi wadhani kuwa toba ya mali ni kuzitoa zile 9,000 sadaka. Sivyo. Mwenye kuharibu kitu cha mtu hudhamini thamani ya kitu alichokiharibu, wala hadhamini kiasi alichofaidi. Basi deni lake si 9,000 bali ni 70,200.

Tulimwita tukamsomea. Alinyamaza kwa muda, kisha akauliza: Na nilizompa mama? Tukamwambia kwamba mama hakujua, naye alipewa kwa mapenzi, basi asiguswe wala asihuzunishwe. Deni ni la aliyetumia moto. Alinyamaza tena. Kisha akauliza suali la pili, kwa adabu kubwa, na macho yake yakitazama mlangoni: Samahani, sheikh wangu. Na ile friji ya madrasa, imeunganishwa na mita ya nani?

Ndugu wasomaji, hapo ndipo ilipotoka ile miezi miwili.

Katika ukumbi wa madrasa yetu ilikuwamo friji ya barafu. Tuliiweka sisi wenyewe, miaka minne iliyopita, tukauza barafu na maji baridi kwa watu wa mtaa. Na faida yake ndiyo iliyokuwa ikisaidia kuchapa karatasi hii uisomayo. Mita ni ya msikiti. Na msikiti umeme wake hulipwa kwa kodi ya maduka mawili yaliyowekwa wakfu na marehemu mmoja kwa ajili ya taa za msikiti na maji ya udhu. Hivyo ndivyo ilivyoandikwa. Na sharti la mwenye kuweka wakfu lapasa kufuatwa kama lilivyo. Hakuandika barafu, wala hakuandika magazeti.

Mara ya kwanza tulijitetea, na aibu yetu ni kwamba tulijitetea kwa hoja zake moja moja. Mmoja wetu alisema kwamba kazi ni ya kheri. Wa pili alisema kwamba hapana aliyetukataza. Wa tatu alisema kwamba sisi ndio tusafishao msikiti, basi tuna haki yetu. Tuligombana kwa wiki mbili, hata ndugu wawili hawakuhudhuria darsa. Mwishowe tulipiga hesabu kama tuliyompigia kijana. Friji kwa makadirio ilikuwa ikila uniti 2 kwa siku. Kwa miaka minne ni uniti 2,920. Tulipoiona namba ile, hapana aliyesema neno, maana deni letu limezidi lake. Naye ni kijana wa miaka ishirini, na sisi ni watu wa ndevu na vitabu.

Basi twatangaza hapa, mbele ya watu wa mtaa, kwamba friji imeondolewa katika moto wa msikiti, na imewekewa mita yake ndogo. Deni la shilingi 73,000 tumeliandika, tukalipeleka kwa msimamizi wa wakfu, nasi twalilipa kidogo kidogo kutoka mifukoni mwetu. Ikiwa karatasi hii itachelewa mwezi, au kurasa zake zitapungua, sababu mwaijua. Afadhali karatasi chache zilizochapwa kwa haki kuliko nyingi zihubirizo amana kwa moto wa amana.

Ama kijana, ameizima mashine na anatafuta wa kuiuza, akimweleza mnunuzi wazi ilavyo umeme. Hatukumtaka ajifedheheshe mbele ya watu, kwani mwenye kutubu ana haki ya sitara. Tulimwambia aende kwa mkubwa mmoja wa chuo aliye mwema, amweleze, aombe kulipa kwa vipande. Aliogopa asije akafukuzwa masomoni. Khofu yake ni ya kweli, wala hatukuidharau. Mtu huweza kukosa njia ya kusema huku yuko tayari kulipa. Kwa hiyo wazee wawili wa darsa wamekubali kufuatana naye. Na lau mlango huo utafungwa, liko shimo jingine la kutilia haki: alipe katika mfuko wa chuo kwa njia yoyote ile ipasayo, pasi na kutaja jina, mpaka deni litimie. Deni lililo wazi mbele ya Mwenyezi Mungu ni jepesi kuliko faida iliyofunikwa blanketi.

Wahenga walisema, mchuma janga hula na wa kwao. Sisi twaongeza kwamba mchuma haki pia hula na wa kwao, ijapokuwa sinia lake ni dogo. Basi ewe msomaji, kabla ya kumcheka kijana wa Njukini, inuka utazame ukutani kwako, na ofisini kwako, na msikitini kwako, uufuate kila waya mpaka mwisho wake. Ukikuta kwamba mita ni yako, mshukuru Mungu. Na ukikuta ni ya wengine, basi chukua kalamu na karatasi, uanze kupiga hesabu usiku huu huu.

Wabillahi tawfiq.